WANARIADHA WA VYUO VYA MAREKANI: WANAFUNZI AU WAFANYAKAZI?

Tarehe 6 Juni, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama moja ya California aliidhinisha mapatano ambayo yamebadili sura ya michezo katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa mapatano hayo, kiasi cha dola bilioni 2.8 kiliwekwa kilipwe katika muda wa miaka kumi kwa wanamichezo waliovichezea vyuo hivyo tangu mwaka 2016. Na kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 kila chuo kinachoyakubali kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, mpaka kufikia jumla ya dola milioni 20.5 katika mwaka huo wa kwanza. Habari hiyo ilitangazwa kama ushindi mkubwa. Sisi hatukatai kwamba ni ushindi. Lakini twayatazama mapatano hayo kwa macho ya mtu anayejua tofauti baina ya mshahara na bakhshishi, nasi twaona ya kwamba lipo jambo moja ambalo halimo ndani yake. Mapatano hayo yamewapa vijana fedha, wala hayakuwapa jina la wafanyakazi.

Huenda msomaji akatuuliza: Habari za vyuo vya Marekani zatuhusu nini sisi, ambao matatizo yetu wenyewe hayajesha? Twamjibu kwamba zatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kwa zaidi ya miaka hamsini sasa vijana wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakivuka bahari kwenda kukimbia kwa jina la vyuo hivyo, na wangali wakienda. Pili, swali lililobishaniwa katika mahakama za nchi hiyo ni swali ambalo kila mfanyakazi wa bandari, wa reli au wa shamba la katani analielewa bila kufunzwa na mwanasheria. Mtu anayefanya kazi chini ya amri ya mwingine, kwa saa alizopangiwa, akamletea huyo mwingine faida, je, ni mfanyakazi au si mfanyakazi? Na kama si mfanyakazi, akivunjika mguu atatibiwa na nani?

Yafaa kwanza tueleze ukubwa wa jambo lenyewe, maana katika nchi zetu michezo ya chuo kikuu ni mambo ya jioni. Vijana hucheza baada ya masomo, watazamaji ni wenzao, na jezi mara nyingi ni za kuazimana. Marekani sivyo. Uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, una nafasi za watu 107,601, nao hujaa. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliojengwa kuchukua watu 60,000, ungemezwa ndani yake na nafasi ikabaki. Mwaka 2016 mkataba wa kuonyesha katika televisheni mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume, yafanywayo kila mwezi wa Machi, uliongezwa muda wa miaka minane, hadi mwaka 2032, kwa bei ya dola bilioni 8.8. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, wala si mganga mkuu, bali ni kocha wa timu ya chuo. Na mwezi wa Novemba mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipomwachisha kazi kocha wake wa mpira wa Kimarekani, Jimbo Fisher, kilijikuta na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi.

Fedha hizo huletwa na michezo miwili tu, yaani mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Michezo mingine, kama vile kuogelea, tenisi, makasia na riadha yote, haijiendeshi yenyewe, bali hulishwa na hiyo miwili. Twamwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa mbele tutalihitaji tutakapofika kwa vijana wetu.

Wapo wasemao kwamba zamani michezo hiyo ilikuwa safi na kwamba fedha ndiyo iliyokuja kuichafua. Historia haikubaliani nao. Shindano la kwanza baina ya vyuo viwili vya Marekani lilikuwa la mashua za makasia, kati ya Harvard na Yale, katika ziwa la Winnipesaukee huko New Hampshire, mwezi wa Agosti mwaka 1852. Aliyelipa gharama za safari na malazi ya vijana hao alikuwa ni shirika la reli, ambalo lilitaka watu wapande treni zake waende kuliona ziwa. Basi fedha ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kitu ambacho hakikuwapo ni mgao wa wapiga makasia, isipokuwa safari yao ya bure.

Mchezo wa mpira ulipokuja kuenea ulikuwa wa kikatili mno. Katika mwaka 1905 vijana zaidi ya kumi na watano walikufa viwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu yake awaonye. Mwaka uliofuata ndipo kilipoundwa chama cha kuisimamia michezo ya vyuo, ambacho tangu mwaka 1910 kinajulikana kwa jina la NCAA. Chama hicho kilishika msimamo wa kwamba mwanamichezo wa chuo acheze kwa kupenda mwenyewe, asilipwe kitu.

Katika Kiswahili mchezaji wa namna hiyo twamwita mchezaji wa ridhaa. Neno hili ni zuri, nalo latuonyesha jambo ambalo lugha nyingine hulificha, kwa sababu ridhaa ni kukubali kwa moyo. Hapana budi kuuliza basi: ni ridhaa ya nani? Mchezaji aliridhia asilipwe kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kupitia. Kocha hakuombwa ridhaa ya namna hiyo, wala mwenye televisheni, wala mwenye kuuza fulana zilizoandikwa namba ya mchezaji mgongoni.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari hii, nacho ni jina. Katika Kiingereza cha Marekani mchezaji wa chuo huitwa kwa jina la kuunganisha, yaani mwanafunzi-mwanamichezo. Mtu alisikiapo hudhani ni jina la heshima tu. Lakini jina hilo lina tarehe ya kuzaliwa na lina mzazi, na sababu ya kuzaliwa kwake inajulikana.

Mwaka 1950 kijana mmoja, Ernest Nemeth, aliumia katika mazoezi ya mpira ya Chuo Kikuu cha Denver. Alidai fidia kama mfanyakazi yeyote aliyeumia kazini, na mwaka 1953 mahakama ya juu ya jimbo la Colorado ikampa haki yake. Hukumu hiyo iliwatia hofu wakuu wa vyuo. Ikiwa mmoja amelipwa, nani atakayewazuia maelfu? Mwaka 1955, katika jimbo hilo hilo, Ray Dennison wa chuo cha Fort Lewis aliumia kichwani uwanjani akafa. Mjane wake alikwenda kudai fidia ya kifo. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu, na mwaka 1957 majaji waliamua kwamba chuo hakifanyi biashara ya mpira, na kwa hiyo marehemu hakuwa mfanyakazi wake. Mama yule akaondoka mikono mitupu.

Ni katika miaka hiyo hiyo jina la mwanafunzi-mwanamichezo lilipoanza kuandikwa katika kanuni zote na kutumiwa katika kila tangazo. Haya si maneno ya wapinzani wa chama hicho. Aliyeyaeleza ni Walter Byers mwenyewe, mtendaji mkuu wa kwanza wa NCAA, aliyekishika chama hicho tangu mwaka 1951 hadi miaka ya mwisho ya themanini. Katika kitabu chake cha mwaka 1995, akiwa amekwisha kustaafu, alikiri kwamba jina hilo lilibuniwa ili kuikinga hatari ya wachezaji kuhesabiwa na mahakama kuwa wafanyakazi. Akaongeza kuufananisha mfumo mzima na fikira za mabwana wa mashamba ya zamani. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya wachezaji katika michezo miwili iletayo fedha ni vijana weusi, na kwamba Byers aliuongoza mfumo huo kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuona ni shamba la namna gani.

Jina liliposhika, mambo mengine yalifuata kwa urahisi. NCAA iliruhusu mnamo mwaka 1956 wachezaji wapewe ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, yaani ada, chakula na malazi. Hapo mwanzo ufadhili huo uliweza kuwa wa miaka minne. Mwaka 1973 ukafanywa wa mwaka mmoja mmoja, unaohuishwa au usiohuishwa kwa hiari ya chuo. Mfanyakazi wa kibarua anajua maana ya mkataba wa namna hiyo. Kijana aliyeumia, au aliyemjibu kocha vibaya, au aliyetokea kushuka kiwango, aliweza kujikuta mwisho wa mwaka hana ada. Ilipita karibu miaka arobaini kabla ya mikataba ya miaka mingi kuruhusiwa tena, mwaka 2012.

Na jina likaendelea kufanya kazi yake mahakamani. Mwaka 1974 Kent Waldrep, mchezaji wa Texas Christian University, aliumia shingo katika mchezo dhidi ya Alabama akapooza. Mwaka 1993 tume ya fidia ya Texas ilimkubali kuwa mfanyakazi. Shirika la bima likakata rufani, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ikaamua kwamba hakuwa mfanyakazi. Tangu siku ya kuumia kwake hata siku ya hukumu ilikuwa imepita miaka 26, naye akiwa katika kiti cha magurudumu.

Hapa twapaswa kusikiliza upande wa pili, kwa maana hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema: Kijana huyu hulipwa elimu, na elimu ni kitu cha thamani kuliko mshahara wa miaka minne. Sisi, katika bara ambalo wazazi huuza ng'ombe na mashamba ili mtoto mmoja asome, hatuwezi kuicheka hoja hiyo. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa nia ya kuwa daktari. Akaingia katika mpira wa kikapu, akatoka mwaka 1991 na shahada na lugha nyingi, na baadaye akajenga katika mji wake hospitali iliyopewa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Mutombo alifariki mwaka 2024, na hospitali ipo. Kama kila mchezaji angepata alichopata yeye, pengine tusingeandika maneno haya.

Lakini elimu ni malipo pale tu inapotolewa kweli. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa muda wa miaka 18 palikuwa na masomo ya karatasi tu, yasiyo na darasa wala mwalimu, ambayo mwanafunzi aliandika insha moja akapewa alama nzuri. Wanafunzi zaidi ya 3,000 walipitia humo, na karibu nusu yao walikuwa wachezaji. Na idara iliyotumika kwa hila hiyo ilikuwa ndiyo idara ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi. Mwaka 2017 NCAA ilimaliza kesi hiyo bila kukiadhibu chuo, kwa hoja kwamba masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Yaani malipo ya elimu yalipogeuka kuwa noti bandia, mwenye kusimamia malipo alisema kwamba si kazi yake kuzikagua noti.

Tena iko hesabu ya saa. Mwaka 2014 wachezaji wa mpira wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, wakiongozwa na Kain Colter, waliomba watambuliwe kama wafanyakazi ili waunde chama chao. Mkurugenzi wa eneo wa Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi alisikiliza ushahidi, akaona kwamba vijana hao hutumia saa 40 hadi 50 kwa juma katika mpira wakati wa msimu, na zaidi ya hapo katika kambi ya mazoezi. Kocha ndiye aliyewapangia saa za kuamka na kula, na ndiye aliyeamua wanaloruhusiwa kuandika hadharani. Akatoa hukumu tarehe 26 Machi, 2014, kwamba ni wafanyakazi. Mwezi wa Aprili wachezaji wakapiga kura. Masanduku yakafungwa kungoja rufani. Na mwezi wa Agosti mwaka 2015 bodi kuu mjini Washington ikakataa kuishughulikia kesi hiyo, bila kusema kama vijana ni wafanyakazi au si wafanyakazi. Kura zile hazikuhesabiwa. Hata leo hakuna ajuaye kwa yakini vijana wale walikuwa wameamua nini.

Tukio hilo twalitaja kwa kirefu kwa sababu baada yake mambo yalichukua njia nyingine. Mlango wa chama cha wafanyakazi ulipofungwa, mawakili walipitia mlango wa sheria ya biashara. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli ya majaji wote tisa katika kesi ya Alston, ilivunja sehemu ya makatazo ya NCAA. Jaji Brett Kavanaugh, ambaye ni mtu wa mrengo wa kihafidhina, aliandika kwamba hakuna biashara nyingine nchini humo inayoweza kukubaliana kuwanyima watu wake malipo ya haki kwa kisingizio kwamba wateja hupenda bidhaa iliyotengenezwa na watu wasiolipwa. Siku chache baadaye, tangu tarehe 1 Julai, wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa wenye matangazo. Na mwisho wa njia hiyo ndiyo mapatano ya mwaka 2025.

Tofauti ya milango hii miwili ni kubwa. Anayepita mlango wa biashara hupewa fedha, na anayepita mlango wa kazi hupewa kiti cha kukaa mezani. Tazama kile kiwango cha juu cha dola milioni 20.5. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani kiwango cha namna hiyo kipo, lakini hupangwa kwa majadiliano baina ya wenye timu na chama cha wachezaji. Katika vyuo kiwango kimepangwa na mawakili wa pande mbili chini ya jaji, na wachezaji wa miaka mingi ijayo, ambao baadhi yao sasa wako darasa la tano, watakikuta kimekwisha wekwa. Hakuna aliyewapigia kura wawakilishi.

Vijana wa timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Dartmouth waliiona tofauti hiyo. Hao si timu ya fahari, na chuo chao hakitoi ufadhili kwa ajili ya michezo. Hata hivyo tarehe 5 Machi, 2024, walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na tawi la chama cha wafanyakazi ambalo ndani yake wamo wafanyakazi wengine wa chuo hicho hicho. Twakiri kwamba habari hiyo ilitufurahisha kuliko mabilioni yote. Lakini ilipofika tarehe 31 Desemba ya mwaka huo walilirudisha ombi lao wenyewe, wakijua kwamba bodi ya kazi ilikuwa karibu kubadilika kwa kuingia serikali mpya, na kwamba hukumu mbaya ingewafungia njia wenzao wa kila chuo. Ilikuwa ni busara ya mtu anayerudi nyuma ili asipigwe.

Na fedha zenyewe zagawanywaje? Kwa fidia ya miaka iliyopita, sehemu kubwa mno imepangiwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu wa wanaume. Baadhi ya wanawake walikata rufani, wakisema kwamba sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu imesahauliwa. Katika malipo mapya vyuo vingi vimefuata mfano wa mia kwa mia ugawanywao hivi: 75 kwa mpira, 15 kwa mpira wa kikapu wa wanaume, 5 kwa mpira wa kikapu wa wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote. Mkimbiaji yumo katika hiyo tano ya mwisho, pamoja na muogeleaji, mcheza tenisi na mpiga makasia.

Hapo ndipo tunapowakuta vijana wetu. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Suleiman Nyambui wa kwetu alikichezea Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akakichukulia ubingwa wa vyuo mara 15. Naye ndiye aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, moja kati ya medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa imepata hata kufika michezo ya Paris mwaka 2024. Chuo hicho cha El Paso, kwa miguu ya vijana kutoka Afrika, kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981. Vikombe vilibaki Texas.

Rono hakukimbia katika Olimpiki hata moja, maana Kenya ilisusia ya mwaka 1976 na ya mwaka 1980. Miaka ya baadaye aliteswa na ulevi na umaskini huko huko Marekani, akafanya kazi ya kubeba mizigo katika kiwanja cha ndege. Alirudi nyumbani mwaka 2019, akafariki mwezi wa Februari mwaka 2024. Hatusemi kwamba chuo ndicho kilichomwangusha. Lakini mtu aliyezitoa rekodi zile akiwa katika kazi ya kawaida yenye akiba ya uzeeni angekuwa na mahali pa kuegemea. Na yeye, kwa kuwa aliitwa mwanafunzi, hakuwekewa akiba.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu, kisha mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya kulipwa mwaka huo. Katika msimu wake wa mwisho chuoni kocha wake, Jim Calhoun, alikuwa akilipwa kiasi cha dola milioni 1.6 kwa mwaka, mshahara uliopita wa mtumishi mwingine yeyote wa jimbo lile. Alipoulizwa mbele ya waandishi kama angerudisha kitu, kwa kuwa serikali ya jimbo ilikuwa na upungufu wa fedha, alijibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti kumi. Methali yetu yasema mchumia juani hulia kivulini. Katika uwanja ule mchumaji alikuwa mmoja na mlaji mwingine.

Leo malipo yameruhusiwa, na bado mgeni yuko nyuma ya mstari. Kijana aliyeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini maalum, na ndani ya chuo haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kwa hiyo tangu mwaka 2021 wenzake Wamarekani wamekuwa wakitia saini mikataba ya matangazo, na yeye akishauriwa asiguse kalamu asije akafukuzwa nchini. Na ushindi wa chama cha wafanyakazi nao waweza kumbana, kwa kuwa mazoezi ya saa 40 yakiitwa kazi, atakuwa amekwisha kuzipita saa zake. Fundo hili mahakama za michezo haziwezi kulifungua. Lahitaji sheria ya uhamiaji yenyewe iguswe, na katika siasa za sasa za Washington hatuoni mkono utakaolishika.

Iko pia hatari ya timu zenyewe kupungua. Kila dola inayokwenda kwa mchezaji wa mpira hutafutwa mahali, na mahali pa kwanza pa kutafutwa ni katika ile michezo isiyoleta fedha. Mwezi wa Juni mwaka 2025 Chuo cha Jimbo la Washington, kile kile cha Rono, kilitangaza kuondoa mashindano ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, kikaweka mkazo katika mbio ndefu. Kwa leo uamuzi huo waweza kuwafaa vijana wa kwetu. Lakini twaona kwamba mbio ndefu zimenusurika kwa sababu gharama zake ni viatu na barabara.

Basi vyama vyetu vya riadha, badala ya kupiga makofi uwanja wa ndege kila kijana anapoondoka, vingefaa kuwa na mtu mmoja anayesoma karatasi kabla hazijatiwa saini. Aangalie kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa minne. Aangalie kama utasimama kijana akiumia, na kama ataruhusiwa kuhama chuo. Kuhusu kumaliza shahada, NCAA tangu tarehe 1 Agosti, 2024, imevitaka vyuo vya daraja la kwanza viwasaidie waliokuwa na ufadhili kamili kwa muda wa miaka kumi, nalo ni jambo jema ambalo wengi wa waliorudi nyumbani bila shahada yafaa walijue. Kuhusu matibabu, kanuni hizo hizo zinavitaka vyuo vigharimie maumivu yaliyotokana na michezo kwa miaka isiyopungua miwili baada ya kijana kumaliza. Kabla ya hapo hata miaka hiyo haikuwa ya lazima kwa kila chuo. Goti lililoharibika kijana akiwa na umri wa miaka 21 lina hesabu nyingine akifika 40. Na baada ya miaka hiyo miwili gharama zake huhamia Iten au Mbulu, kwa wazazi ambao hawakuwapo mezani karatasi zilipotiwa saini.